Fungu la Baharia

"Unalipwa shilingi ngapi?" serahangi aliniuliza asubuhi ya kwanza. Tulikuwa tumesimama kwenye maji ya magotini, ufukweni Bagamoyo, na mimi nilikuwa na gunia la viazi begani.

"Silipwi. Najitolea."

Alinitazama, akatazama gunia, kisha akawageukia wenzake waliokuwa juu ya jahazi. "Jamani, njooni mumwone Mpare anayefanya kazi bure!"

Kicheko chao nilikisikia mpaka nilipofika ubavuni mwa chombo. Kwa msomaji ambaye hakukua na utani huu: sisi Wapare tunasifiwa, kwa haki au kwa uonevu, kwamba hatutoi shilingi bila stakabadhi na hatusamehe deni bila kufika mahakamani. Mimi natoka Shighatini, Upare Kaskazini, ambako maji makubwa unayoweza kuyaona ukipanda juu vya kutosha ni Ziwa Jipe upande mmoja na bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa pili, yote yakiwa chini kabisa kwenye tambarare. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini, nilipokuja chuo Dar es Salaam. Sasa nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, naandika tasnifu juu ya kazi za mabaharia wa majahazi kati ya vita viwili vya dunia, na nilikuwa nimechoka kusoma habari za kamba bila kuishika.

Kwa hiyo nilimwomba nahodha mmoja anichukue. Jahazi lake lilikuwa la zamani, mlingoti mmoja, mbao zake zimebadilishwa moja moja kwa miaka mingi hadi wenyewe walikuwa wakibishana ni ipi iliyobaki ya asili. Lilibeba mizigo kati ya Bagamoyo na Unguja. Nilimwambia sihitaji malipo, nahitaji kujifunza tu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe lako utalipata leo leo."

Jembe lenyewe lilikuwa kopo. Maji huingia katika kila chombo cha mbao, hata kiwe kimekalafatiwa vizuri namna gani, na hukusanyika ngamani, chini kabisa. Kazi ya mtu wa mwisho kufika ni kuyachota. Nilichota ngama usiku na mchana kwa siku kumi na moja, katika safari tatu za kwenda na kurudi. Harufu yake ni ya samaki, mkaa na vitunguu vilivyooza, na ukiinama mle huku chombo kinalala upande mmoja kwa upepo, makande uliyokula asubuhi yanakumbuka njia ya kurudi. Wahenga waliosema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, naamini mmoja wao aliwahi kushika kopo.

Siku ya nne niliruhusiwa kushika jarari, kamba inayopandisha foromali. Foromali ndiyo boriti ndefu inayobeba tanga, na haipandi kwa nguvu za mtu mmoja. Watu sita huvuta kwa pamoja, mmoja akiimba na wengine wakijibu, na ukivuta nje ya mdundo nguvu yako inapotea bure. Viganja vyangu vilichubuka, vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Serahangi alinionyesha jinsi ya kuviosha kwa maji ya chumvi, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu yeyote.

Usiku ule, upepo ukiwa umelala na taa za Unguja zikionekana kwa mbali, aliniuliza tena. Safari hii hakuwa anatania.

"Mwanangu, nimefikiri. Kila mtu hapa ana fungu lake. Nahodha ana lake, mimi nina langu, chombo chenyewe kina fungu. La kwako liko wapi?"

Nilimjibu kwamba langu ni elimu. Akanyamaza, kisha akasema, "Elimu utaondoka nayo. Nauliza la hapa."

Nililala nikiwa na swali hilo. Nilipoamka nilikumbuka kwamba kuna mtu aliyeulizwa jambo linalofanana na hilo miaka mingi kabla yangu, katika bahari hii hii.

Alan Villiers alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1903. Alianza ubaharia akiwa kijana mdogo, wakati meli kubwa za matanga zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine kwa kushindwa na meli za mvuke. Mwaka 1934 alinunua meli ya milingoti mitatu iliyokuwa imejengwa Denmark mwaka 1882 kwa ajili ya kufundishia vijana. Ilikuwa karibu kuuzwa kama chuma chakavu. Akaipa jina la mwandishi Joseph Conrad, akaondoka nayo Ipswich, Uingereza, Oktoba mwaka huo, na kuizunguka dunia kwa miaka miwili, zaidi ya maili 50,000. Wengi wa waliovuta kamba zake walikuwa vijana. Baadhi yao hawakulipwa, bali wao ndio waliolipa ili wapate nafasi ya kufanya kazi.

Sentensi hiyo nilipoisoma mara ya kwanza maktabani niliirudia. Kulipa ili ufanye kazi! Lakini hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Meli za kale za matanga zilizobaki Ulaya na Marekani, kwa sehemu kubwa, zinaishi kwa mikono ya watu wa kujitolea: wanakwangua kutu, wanapaka lami, wanapanda milingotini, na wengine wanatoa fedha mfukoni kwa ajili ya heshima hiyo. Joseph Conrad yenyewe imehifadhiwa katika makumbusho ya Mystic Seaport, jimbo la Connecticut. Safari ile ilimwacha Villiers bila fedha, lakini ilimpa kitabu na jina.

Mwishoni mwa 1938 Villiers alikuja upande wetu. Alikuwa akiamini kwamba meli za biashara za Waarabu ndizo za mwisho duniani ambazo bado ziliishi kwa tanga kweli, si kwa kumbukumbu. Huko Aden alipanda chombo cha Kuwait kilichoitwa Bayan, aina ya bumu, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Hakuwa baharia wa kuandikishwa wala hakuwa abiria wa kawaida. Alilala juu ya sitaha kama wengine, alikula sinia moja nao, aliwatibu vidonda kwa dawa chache alizokuwa nazo, na aliandika kila alichokiona. Kwa upepo wa kaskazi walishuka pwani ya Hadhramaut, wakachukua abiria zaidi ya mia moja waliojazana juu ya mizigo, wakapita Mogadishu, Lamu na Mombasa hadi Unguja. Kitabu alichokitoa mwaka 1940 na picha zake, ambazo leo zimehifadhiwa Greenwich, Uingereza, ni miongoni mwa kumbukumbu bora tulizonazo za maisha ya mabaharia wa safari hizo.

Lakini sehemu ninayoirudia mara kwa mara haiko Unguja. Iko Rufiji.

Bumu la Kuwait halikuja Afrika Mashariki kuuza tende tu. Lilikuja kuchukua boriti. Kuwait ni nchi isiyo na misitu, na dari za nyumba zake za zamani zilishikiliwa na miti ya mikoko iliyokatwa katika delta ya Rufiji. Upana wa vyumba vya watu wa Ghuba ulitegemea urefu wa mti uliotoka kwenye matope yetu. Kwa hiyo, baada ya kuwashusha abiria na kuuza bidhaa, Bayan iliingia Rufiji, maeneo ya Salale, ambako bado lilikuwepo gofu la manowari ya Kijerumani Königsberg iliyozamishwa Julai 1915. Mabaharia waliacha kamba wakashika mashoka. Waliingia kwenye matope na mvua, kati ya mbu, wakakata miti, wakaibeba, wakaipanga ndani ya chombo mpaka kikajaa. Homa iliwashika. Villiers alipaona mahali pale kama makao ya mateso, na kwa jinsi alivyopaeleza humlaumu.

Wale watu walilipwaje? Hili ndilo jambo lililonipeleka kwenye tasnifu yangu. Hawakuwa na mshahara. Mwisho wa safari ya miezi mingi, mapato yote yalijumlishwa, gharama za chakula zikaondolewa, na kilichobaki kikagawanywa: nusu ya chombo, nusu ya watu. Ile nusu ya watu ikakatwa mafungu. Baharia fungu moja, wenye kazi maalumu zaidi ya moja, nahodha zaidi yao.

Kwa karatasi ni mpango wa haki kuliko mishahara mingi ninayoijua. Anayefanya kazi ana sehemu katika kazi yenyewe. Upepo ukiwa mzuri na soko likiwa zuri, wote wanapata. Chombo kikipata hasara, wote wanahasirika. Tatizo lilikuwa kwamba baharia ana mke na watoto Kuwait, na hao hawawezi kula fungu la miezi tisa ijayo. Kwa hiyo kabla ya safari alichukua karadha kwa nahodha, na nahodha naye alichukua kwa mfanyabiashara. Safari ikiisha, fungu lilikwenda kulipa karadha. Lisipotosha, deni lilibaki, na mwenye deni alirudi kwenye chombo kile kile msimu uliofuata. Kwa wapiga mbizi wa lulu, ambao Villiers pia aliwatembelea mwaka 1939, hali ilikuwa mbaya zaidi: deni la baba liliweza kumfuata mwana.

Sasa waweke watu wawili kwenye matope ya Rufiji. Wa kwanza ni Villiers. Hana fungu wala deni. Akichoka kabisa, anaweza kwenda zake, na ataondoka na kitabu. Wa pili ni baharia wa Kuwait. Ana fungu, lakini fungu limekwisha kuliwa kabla hajalipata. Hawezi kwenda popote. Wote wawili, kwa siku ile, wanafanya kazi bila kuona fedha. Ukiwapiga picha kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Lakini mmoja anajitolea na mwingine anatolewa.

Nilipofika hapo kwenye daftari langu, nikiwa nimekaa tezini, nilitaka kujiona nipo upande gani. Jibu halikuwa gumu. Mimi nilikuwa Villiers mdogo, bila kipaji chake. Nilikuwa na tasnifu badala ya kitabu, na nauli ya basi la kurudi Dar es Salaam mfukoni.

Lakini kuna namna ya tatu ya kufanya kazi bila fedha, na hiyo nimekulia ndani yake.

Kwetu milimani ikipigwa pembe, ni msaragambo. Ni neno ambalo halihitaji tafsiri kwa Mpare. Maana yake ni kwamba kuna kazi ya wote: barabara imeliwa na mvua, shule inahitaji mchanga, au ndiva imejaa tope. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji usiku, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa mifereji. Wazee wetu walizichimba kwa majembe, wakapanga zamu za maji, na zipo zinazotumika hadi leo. Kila kaya inatoa mtu. Nikiwa darasa la tano nilibeba tope la ndiva kwa karai, nikimlalamikia bibi kwamba sisi hatulipwi. Bibi aliniambia nisubiri mpaka siku ya zamu yetu. Siku hiyo alinipeleka mferejini, maji yalipofika kwenye maharage yetu akasema, "Haya, mshahara wako huo."

Msaragambo si hiari tupu, na sitaki kuupamba. Asiyekuja anatozwa faini, na historia inaonyesha kwamba pembe ile ile inaweza kupigwa na watawala kwa kazi zao wenyewe. Kinachoutofautisha na kazi ya kulazimishwa ni kwamba aliyechimba anajua maji yatafika kwake lini na kwa saa ngapi. Hesabu iko wazi.

Na Wapare wameonyesha kinachotokea hesabu isipokuwa wazi. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetuandikia sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Upare wa kale, aliandika pia juu ya mbiru, kodi ya kukadiria mali ambayo serikali ya kikoloni iliileta Upare miaka ya 1940. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa pale kupinga. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi, majirani zetu, nao wakajitokeza. Kinachonivutia ni kwamba hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa ya kiwango kimoja, inayojulikana. Walichokataa ni mtu kuja shambani, kukutazama wewe na ng'ombe wako, na kuandika tarakimu ambayo hujui ameipataje. Hatimaye mbiru iliondolewa. Huenda utani juu ya Wapare na stakabadhi una historia ndefu kuliko wanaotutania wanavyodhani.

Siku ya mwisho ya kujitolea kwangu tuliingia Bagamoyo alfajiri, maji yakiwa yanajaa. Ufukweni alikuwa amekaa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, miguu mchangani, anatungoja. Nilidhani ni mchukuzi. Alipanda, akawasalimia wote, "Shikamoo nahodha, shikamoo mzee," kisha akaenda moja kwa moja ngamani, akachukua kopo langu.

"Huyu nani?" nilimuuliza serahangi.

"Huyo ndiye wa ngama. Ulikaa nafasi yake."

Sijui kwa nini halikunipitia akilini. Jahazi lina watu saba kwa sababu kazi ni ya watu saba na chakula ni cha watu saba. Nilipopanda mimi, mmoja alishuka. Kwa siku kumi na moja yule kijana alikaa pwani ili mimi nijifunze. Nilikuwa nimewahesabu Villiers na mabaharia wa Rufiji, nimeandika kurasa kuhusu haki ya mafungu, na muda wote huo sikuuliza kopo lilikuwa la nani.

Mchana, baada ya kushusha mizigo, nahodha alikaa chini ya mkungu akahesabu. Alitoa gharama, akakata nusu ya chombo, kisha akapanga noti mchangani na kuzikandamiza kwa vijiwe, fungu kwa fungu. Nilihesabu mafungu nikaona lipo moja zaidi ya nilivyotarajia. Uso ukanipanda joto. Nilianza kusema kwamba mimi nilikwisha ahidi, sihitaji.

"Nani kakwambia ni lako?" nahodha alisema bila kuinua kichwa. Akalichukua, akampa yule kijana wa ngama. "Kazi ya ngama ina fungu. Asiyelitaka asilichukue, lakini halipotei. Linakwenda kwa mwenyewe." Mimi nilipewa changu wawili na kicheko kingine.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu nirudi chuoni, kwa sababu kujitolea limekuwa neno la kizazi chetu. Katika kundi letu la shahada ya kwanza, nikihesabu kwenye WhatsApp, wanaojitolea ni wengi kuliko walioajiriwa. Wako maofisini, hospitalini, redioni. Dada yangu amesomea ualimu. Huu ni mwaka wake wa tatu anajitolea katika shule ambayo sitaitaja. Anafundisha vipindi vingi sawa na wenzake wenye ajira, anasahihisha madaftari usiku kwa mwanga wa simu, na mwisho wa mwezi anapewa "asante ya nauli" ambayo haifiki nauli. Anapouliza, anaambiwa anapata uzoefu. Ndivyo nilivyomjibu serahangi: langu ni elimu.

Siwezi kusema kujitolea ni kubaya. Ndiva zetu zisingekuwepo bila watu wa kuzizoa tope, na meli za kale zingekuwa chuma chakavu. Nikipata nafasi nitarudi kwenye jahazi lile, safari hii kama mtu wa nane, na chakula changu mwenyewe. Lakini nimejifunza kwamba swali la kuuliza si kama mtu analipwa au halipwi. Villiers hakulipwa na hakuonewa. Baharia wa Kuwait alikuwa na fungu na bado alikuwa mfungwa. Bibi yangu hakuona senti kwenye msaragambo na alikunywa maji yake. Swali ni lile la serahangi, usiku ule upepo ulipolala, na ni swali la stakabadhi kama Mpare yeyote angelilipenda.

Juzi dada alinipigia. Ana darasa la watoto zaidi ya sabini, na alikuwa amefurahi kwa sababu mmoja wao aliyekuwa hajui kusoma sasa anasoma. Nilimpongeza kwa dhati. Kisha nikamuuliza: kazi unayoifanya ina fungu lake, popote lilipo. Wewe huliletewi. Je, linakwenda kwa nani?

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.